Siku ya Posho, Siku ya Kusafisha Tumbo

Mwezi uliopita tulimwosha Mama Mukubwa. Tulikuwa wanawake wanne katika chumba cha maiti: mimi, binti yake Mado, Bijou aliyelelewa naye, na jirani yake wa siku zote, Mama Tresor, ambaye sasa ni bibi kizee wa kushikwa mkono. Maji yalikuwa ya vuguvugu, maana Mado alikataa katakata mama yake aoshwe kwa maji baridi. "Yeye njo alikuwa anatuosha sisi bote, inje na ndani," alisema, na sote tukacheka huku tunalia, kwa sababu hakuna mtoto wa avenue yetu ya Likasi ambaye hakupita magotini pake. Nilishika mguu wake uliokuwa umevimba, figo zilikuwa zimemwacha mwezi wa mwisho, nikaukumbuka mwaka niliokaa nyumbani kwake nikiwa na miaka kumi na minne. Mwaka ule ndio ulionifanya niwe mtu wa kuuliza-uliza, hadi leo ninalipwa, siku wanazokumbuka kunilipa, kwa kuangalia vinyesi vya watu kwenye hadubini katika maabara moja ya Lubumbashi. Kwa nini nilipelekwa kwake si habari ya hapa. Nitaandika Kiswahili nilichofundishwa shuleni, lakini wao nitawaacha waseme cha Likasi, kwa sababu nikimnyoosha Mama Mukubwa ulimi atafufuka anizabe kofi.

Kwetu Jumatatu ni kazi moja, Ijumaa ni kazi tano, na Jumamosi ni siku ya posho, kwa kuwa zamani ndiyo siku wafanyakazi walipogawiwa unga. Mwaka ule posho ilibaki jina tu. Kiwanda cha shaba, usine kama tulivyokiita, alikofanya kazi mume wake, Papa Mukubwa, kilikuwa kinawaka siku mbili na kulala wiki mbili, na yeye, mtu wa vichujio kwa miaka ishirini na kitu, alikuwa anashinda sebuleni amevaa ovaroli safi, eti wasije wakamwita akakutwa hayuko tayari. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na mlango wa kati ulikuwa na pazia la kitambaa cheupe kizito cha kuchujia madini, ambacho alikuwa amepewa kazini siku za heri. Nyumba tatu za avenue yetu zilikuwa wazi, wenyewe wamefukuzwa kwa ajili ya kabila lao, wamekwenda stesheni kungoja treni ya kuwapeleka Kasai ambako wengine wao hawakuwahi kufika maishani. Bomba la uani lilikuwa linatoa upepo. Tulikula mara moja kwa siku, bukari, ndiyo ugali, ya mahindi iliyoongezwa muhogo ili iwe nyingi, na majani ya lengalenga, na siku ya bahati ndakala kutoka ziwa la Tshangalele, vidagaa vichungu vya kuhesabiwa kwenye sahani. Lakini njaa ije au isije, siku ya posho tulisafishwa tumbo.

Chombo chenyewe kilikuwa kifuko cha mpira mwekundu, kikubwa kama embe, chenye mdomo mrefu mweusi wa kupitisha dawa njia ya haja. Kwa Kifaransa ni poire, sisi tuliita pwari. Mama Mukubwa alichemsha tangawizi, pilipili kidogo na mizizi aliyoletewa kutoka Kapolowe, akaacha ipoe, akakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, nasi tukapanga foleni, mkubwa mbele na mdogo nyuma. Unalala kifudifudi magotini pake, unafumba macho, na kabla hujamaliza kulia "Mawe!" kumwita mama yako, umeshainuka unakimbilia choo. Watoto wa majirani waliletwa pia, na mama zao walileta kikombe cha unga au kipande cha sabuni kwa heshima tu, maana mkono wa Mama Mukubwa ulisifika, haukuumiza mtoto. Kazi yangu mimi ilikuwa kujaza pwari na kuosha mdomo wake kati ya mtoto na mtoto. "Bugonjwa yote inaanzia mu tumbo," alikuwa anafundisha huku anafanya. "Unakula kazi moja, unakula kazi mbili, mpaka kazi tano. Bile byote binalala mule ndani, binaoza. Posho tunafukuza. Muntu mwenye tumbo safi hagonjwe."

Mama Tresor, aliyekuwa na kikundi cha maombi, hakukubaliana naye lakini alimleta mwanawe kila wiki. "Haiko bukari, mama. Ni roho muchafu inaingia mu muntu." Papa Mukubwa naye, bila kuinuka kitini, alipaza sauti kutoka sebuleni: "Ni mayi! Bintu byote ni mayi!" Mimi nilikuwa na kaye moja, daftari la shule, niliyokwisha kuijaza, nikageuza nyuma na kuanza kuandika nani kasema nini. Ukurasa mmoja tumbo, ukurasa mmoja roho, ukurasa mmoja maji. Nilitaka kujua nani yuko sahihi kwa namna ambayo watoto wengine walitaka nguo za Krismasi. Hata leo sijui hamu ile ilitoka wapi. Labda ni kwa sababu shule ilikuwa imefungwa, walimu wamechoka kufundisha bure, na akili ya mtoto haikubali kukaa bila kazi.

Pasaka ile tulipata mgao wa mbuzi, na Papa Mukubwa akaniita jikoni. Alikuwa ameshika figo. Aliikata katikati kwa kisu, taratibu, akanionyesha ndani jinsi njia nyembamba zinavyokusanyika kuelekea sehemu moja. "Unaona? Hii ni filtre. Damu inapita, buchafu inatoka na mukojo, damu inarudi safi. Mungu alifanya kazi ku usine mbele yangu." Nikanusa, kweli ilikuwa na harufu ya mkojo, nikafurahi kupita kiasi. Akaniambia ini nalo lina kazi yake, na mapafu, na ngozi inayotoa jasho, na kwamba filtre, yaani kichujio, ikifanya kazi vizuri hakuna anayeiona, ikifa ndipo wakubwa wote wanakuja mbio. Nikamwuliza, "Sasa, papa, kama filtre iko ndani, Mama Mukubwa anasafisha nini siku ya posho?" Alichungulia mlangoni kwanza. "Hiyo kamuulize weye mwenyewe. Minye niko nataka kula leo."

Nilimwuliza kweli, sikuwa na adabu ya kuogopa. Alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. "Ati mwili inajisafisha peke yake?" alisema. "Sawa. Na hii sufuria inajiosha peke yake? Siku utaiona inajiosha, kuja uniite, nami nikaangalie." Majirani waliokuwa uani wakaangua kicheko, nikaona aibu hadi masikioni. Lakini niliandika jibu lile kwenye kaye, kwa sababu lilikuwa jibu zuri.

Kisha ikaja siku ya posho ambayo sijapata kuiweka mahali pake. Tresor, mwenye miaka sita, alikuwa amekwenda na baba yake Tshangalele kununua samaki, akarudi tumbo linamwendesha. Mama yake alimwombea asubuhi, mchana akamleta kwetu, hakutaka kukosa upande wowote. Kwa kuwa alikuwa mgonjwa walimpitisha mbele, akasafishwa baada yangu na kabla ya wengine wote. Siku ile ndoo ilikuwa moja, mfereji wa karibu na reli ulikuwa na foleni ya tangu alfajiri. Tresor alipoinuka, nikachovya mdomo wa pwari kwenye beseni, na maji yakabadilika rangi. Nikauliza, "Nibadilishe mayi?" Mama Mukubwa, bila kuinua macho, akasema, "Osha mudomo tu, mayi ya mu ndoo ni ya kupikia." Nikaendelea. Nilichovya katika maji yaleyale baada ya kila mtoto, watoto wawili wa nyumba ya tatu, kisha Mado wa miaka minne, aliyekuwa mwisho. Niliona yale maji. Hilo ndilo jambo ninalotaka lieleweke, niliona, na sikusema neno la pili.

Bijou peke yake hakusafishwa. Alikuwa na miaka minane, mtoto wa marehemu mdogo wake Papa Mukubwa, na kwa uchafu hakuwa na mpinzani: alikula maembe mabichi na udongo wake, alilamba chumvi kwenye kiganja cheusi. Siku ile alitoroka foleni, tukamtafuta, tukachoka.

Kazi mbili wale watoto wawili wa jirani walianza kuhara. Kazi tatu, Mado. Kwanza maji, kisha ute, kisha damu. Aliacha kulia, na hilo lilinitisha kuliko damu, maana Mado alikuwa mtoto wa kelele. Tulimlaza sebuleni nyuma ya lile pazia jeupe, na mimi nikiwa jikoni nakoroga uji nilisikia wanawake wakizungumza uani. Mama Tresor alikuwa anauliza, kwa sauti ya chini, "Lakini ndugu zangu, juu ya nini bote bagonjwe, yeye hapana? Muntu mwenye anakula udongo?" Mwingine akaitikia, "Na baba yake alikufa, na mama yake alikufa." Halafu Mama Tresor: "Siku ya posho tutamupeleka ku kikundi. Siku tatu bila kula, tumuombee, atasema." Tulishawaona watoto waliopelekwa namna hiyo, eti ni wachawi, na mmoja alikuwa analala sokoni chini ya meza za wauza unga kwa sababu hakuna nyumba iliyomtaka tena. Bijou mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni pa jikoni, amesikia yote, anachora chini kwa kijiti.

Kinachonikera hadi leo ni kwamba swali la Mama Tresor lilikuwa zuri. Lilikuwa swali langu hasa. Kwa nini wote, yeye hapana? Nilifungua kaye nikaandika majina kwa foleni ya siku ile: mimi, Tresor, wale wawili, Mado. Kando ya kila jina nikaandika siku alipoanza kuugua. Mimi nilikuwa mzima. Bijou mzima. Wengine wote wagonjwa. Mimi, Bijou na Mado tulikula sahani moja, tulikunywa maji ya mtungi mmoja, tulilala mkeka mmoja. Niliangalia karatasi ile hadi macho yakauma, nikijua kuna kitu pale na sikioni.

Kazi ine asubuhi nilikwenda na kaye yangu kwa muuguzi wa zahanati ndogo iliyokuwa nyuma ya soko, mzee mwembamba aliyekuwa na koti jeupe na makabati karibu matupu. Nikamweleza Mado. Akafinya ngozi ya mkono wangu, ikarudi mara moja. "Kamufinye yeye pa tumbo. Kama ngozi inabakia imesimama, mayi imeisha mu mwili." Nikamwambia kesho tutamsafisha tena, Mama Mukubwa anasema uchafu haujatoka wote. Yule mzee alishika kichwa. "Mwili iko nafukuza adui yenyewe, mwana. Kuhara ni kazi yake. Shida ni mayi inatoka pamoja na adui. Na ninyi mukamutoe ingine?" Akanipa vidonge alivyokuwa navyo, akanifundisha kinywaji: lita moja ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, kidogo kidogo bila kuchoka. Nikamwuliza adui mwenyewe anapita wapi. "Mu mayi. Mu mikono. Mu kila chombo kinatoka ku muntu mumoja kinaingia ku mwingine bila kuoshwa muzuri." Nikafungua kaye pale pale. Mimi mbele ya Tresor. Wote baada ya Tresor. Bijou hayupo. Nilipata furaha, na Mungu anisamehe, furaha kamili ya mtu aliyefungua fundo, kwa muda wa kama pumzi moja. Halafu nikakumbuka ni nani alikuwa ameshika pwari kati ya mtoto na mtoto, nikaondoka mbio.

Nilipofika nyumbani Mama Mukubwa hakuwa amengoja kesho. Alikuwa kwenye kigoda, Mado amelala magotini pake shingo imelegea, pwari imeshajaa mkononi. Nilipiga kelele, sijawahi kumpigia mtu mkubwa kelele kama ile. "Mama Mukubwa, acha! Ni pwari! Ni pwari njo ilibapatia bugonjwa!" Nikamfinya Mado tumboni, ngozi ikabaki imesimama. Nikamwonyesha majina. Alikuwa anasoma polepole, kwa kidole, na kidole kilipofika kwenye jina la mtoto wake kikasimama. "Unasema ni minye njo niko naua batoto?" Papa Mukubwa alikuwa ametoka, ameshika ile ovaroli kifuani. "Vero," alimwita kwa jina, jambo asilolifanya mbele yetu, "filtre ikipasuka, haisafishe tena. Inachafua. Hiyo minye naijua." Mama Mukubwa akaniangalia mimi. "Nani alikuwa anaosha mudomo?" Nikainamia kaye yangu. Alijua, bila shaka, alikuwepo. Akaiweka pwari chini, mbali, na kumgeuza Mado uso juu. "Chemusha mayi," alisema.

Sukari hatukuwa nayo. Papa Mukubwa akavua lile pazia jeupe mlangoni, akalikunja, akaenda nalo sokoni na kurudi na sukari kwenye karatasi. Mado alikunywa kwa kijiko kuanzia mchana ule, Mama Mukubwa upande huu na mimi upande ule, kijiko kimoja, ngoja, kijiko kingine. Alitapika mara ya kwanza, tukaanza upya. Kazi tano jioni alikojoa, kidogo sana, mkojo wa rangi ya chai. Papa Mukubwa alitazama ule unyevu kwenye kanga akapiga makofi: "Filtre inatembea!" Mama Mukubwa alilia kwa sauti, kilio cha kweli, kanga ile ameishika usoni.

Asubuhi ya siku ya posho alioga, akavaa kitambaa chake cha kanisani, akaichukua pwari na kunikabidhi kijiko. "Baki na mutoto," alisema. Akamshika Bijou mkono, wakatoka. Niliwaona wakiingia nyumba ya kwanza, wakatoka, wakaingia ya pili. Sikusikia alilosema huko. Alirudi saa sita bila pwari, akaketi, akaomba maji ya kunywa, na hakuna kikundi kilichokuja kumchukua Bijou siku ile wala siku nyingine. Kuanzia wiki iliyofuata, ingawa watoto wote walipona, hakuna mama aliyeleta mtoto kwetu, wala kikombe cha unga, na salamu za njiani zilipungua. Kutembelewa ndiyo ilikuwa furaha yake kubwa, na sasa uani palikuwa kimya. Hakunilaumu hata mara moja. Mimi nilichukua ukimya wake kama hasira, nikaondoka mwisho wa mwaka nikiamini hanipendi tena.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaanza kazi ya maabara, alikuwa ananitania kwenye simu, "Eh, mwenye kaye, sufuria imeshajiosha?" Mara ya mwisho alipiga mwenyewe, sauti nzito, miguu imeshavimba. "Odette, filtre imekufa. Sasa utanisafisha na nini?"

Baada ya maziko tuliketi uani kwake, kigoda kilekile kipo, na Mama Tresor akaanza kusimulia kama wazee wanavyosimulia msibani, bila kuulizwa. Alisema yeye aliwahi kumtendea mtoto ubaya, na akamtazama Bijou, akamwomba radhi mbele ya watu, mara ya ngapi sijui. "Lakini Vero alikuja kwangu na ile pwari. Akaiweka pa meza yangu. Akasema, 'Mama Tresor, Bijou haiko mulozi. Ni minye. Ni mukono yangu njo iliosha mubaya.' Akapita nyumba zote akasema vile. Mwanamuke mwenye kiburi namna ile!" Watu wakaitikia kwa miguno. Mkono wake haukugusa beseni lile hata mara moja. Miaka yote hii alikuwa amebeba mkono wangu, na mimi nilidhani amenikasirikia.

Nilimfuata Bijou jikoni alipokuwa anapakua. Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikamwambia, "Bijou, si yeye. Ni mimi. Ni mimi niliyeosha mdomo wa pwari katika maji yale, na niliona ni machafu."

"Najua," alisema. Hakuacha kupakua. "Nilikuwa juu ya bati ya choo. Nilikuona."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa na miaka munane, baliniita mulozi. Nani angenisikia?" Aliijaza sahani yangu, bukari na lengalenga, akaongeza ndakala wawili, kisha akaivuta nyuma kabla sijaipokea. "Nawa mikono kwanza," alisema, akaniinulia birika, akanimiminia maji, mengi, hadi nikamwambia yanatosha, na bado akaendelea kumimina.